Barua ya wazi kwa wasimamizi wa mawasiliano: tupeni bando tulilolipia

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano,
Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA),
na Waheshimiwa wabunge wa Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Miundombinu, Dodoma.

YAH: KUPUNGUZIWA KASI NA KUPOTEZA MB ZILIZOLIPIWA

Waheshimiwa, nawasalimu kwa heshima.

Nina steshenari Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Natoa kopi, nachapa, naskani, najaza fomu za mtandaoni. Zamani duka kama langu liliishi kwa karatasi. Siku hizi karatasi ni kipande cha mwisho tu, kazi yenyewe ni intaneti. Mwanafunzi anaomba mkopo wa Bodi kwa intaneti, na cheti chake cha kuzaliwa kinahakikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi, kwa intaneti. Anayesaka ajira serikalini anaambiwa aingie Ajira Portal. Fundi anayetaka kazi ya halmashauri anaelekezwa NeST, mfumo wa manunuzi ya Serikali. Mama mwenye genge akitaka leseni anarudishwa kwangu kuchukua control number. Haya yote ni maelekezo ya Serikali, na kwa sehemu kubwa nayaunga mkono, kwa sababu nakumbuka vizuri foleni za kwenda kugonga muhuri mjini na kurudi mikono mitupu kisa mhusika katoka kidogo.

Lakini nikitazama jinsi intaneti hiyo tunavyouziwa, naona kama vile waliotuagiza tuitumie na walioruhusiwa kutuuzia hawajawahi kukaa meza moja.

Wengi wakisikia mtu analalamikia bando wanajua anakuja kudai bei ishuke. Bei nitaigusa baadaye, tena kwa kifupi. Ninachodai kwanza ni kidogo kuliko hicho, na hakihitaji ruzuku wala mnara mpya: nikilipia kitu nipewe. GB nilizonunua nizipate zote, kwa kasi niliyotangaziwa, na zikibaki ziendelee kuwa zangu.

Niwaeleze hali ilivyo dukani. Nilinunua ruta na kujiunga na kifurushi cha mwezi ambacho tangazo lake lilisema hakina kikomo. Kampuni siitaji jina, kwa sababu nimewauliza wenzangu wa maduka ya hapa, kila mtu na laini yake, na wote tunaimba wimbo mmoja. Mwanzoni mwa mwezi mambo yanakwenda vizuri, faili linapanda kabla mteja hajamaliza kutafuta chenji. Katikati ya mwezi, ghafla, bila ujumbe wowote wa maana, kila kitu kinaanza kuvuta.

Msimu uliopita wa maombi ya mkopo alikuja binti mmoja, mgeni, katokea upande wa Kondoa. Dirisha lilikuwa linakaribia kufungwa. Vyeti vyake vyote vilikuwa tayari, picha tayari, saini ya mdhamini tayari. Kilichobaki ni kupandisha faili moja la PDF, ambalo hata kwa vipimo vya simu ya kitochi ni dogo. Nikabonyeza. Kale kaduara kakaanza kuzunguka. Kakazunguka mpaka mfumo ukatutoa nje na kututaka tuingie upya. Tukaingia upya, tukabonyeza, kakazunguka tena.

“Mama, imegoma?” akaniuliza.

“Haijagoma mwanangu, inavuta.”

Nyuma yake kulikuwa na foleni mpaka barazani, na ilikuwa asubuhi, saa nne hivi, muda ambao wanafunzi wengi wako darasani na mtandao wa eneo letu unakuwa mwepesi kabisa. Simu yangu, kwenye meza hiyo hiyo, ilikuwa inafungua kila kitu bila shida. Ruta ndiyo ilikuwa imebanwa. Nikapiga 100. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu zake, simlaumu hata kidogo, kaajiriwa kusoma alichoandikiwa. Akaniambia kifurushi changu bado kiko hai, ila nimefikia kiwango cha matumizi ya haki, kwa hiyo kasi imepunguzwa mpaka mwezi wangu uishe. Nikamuuliza, kiwango hicho ni GB ngapi? Akaomba nisubiri kwenye laini. Ukapigwa muziki. Aliporudi akanitajia namba ambayo haikuwa kwenye bango, haikuwa kwenye ujumbe wa kujiunga, wala kwenye karatasi niliyosaini nilipochukua ruta. Ilikuwa kwenye vigezo na masharti, huko kwenye tovuti yao, ukurasa ambao kwa kasi niliyokuwa nayo saa ile usingefunguka.

Yule binti nilimpandishia faili kwa simu yangu, kwa bando la siku nililonunua palepale. Yaani mtu aliyekwisha kulipia mwezi mzima “bila kikomo” alilipa tena ili amalize kazi ya dakika tatu. Hesabu hiyo wenye kampuni wanaijua vizuri kuliko mimi.

Sasa nijibu mapema lile ambalo najua nitaambiwa, kwamba mama, wewe hujui ufundi wa mitandao. Si mhandisi, ni kweli. Ila kuishi pembeni ya chuo chenye maelfu ya wanafunzi kunafundisha. Mnara una masafa yake, na masafa hayo tunagawana wote tulio chini yake. Ikifika saa mbili usiku hosteli zote ziko hewani, huyu anaangalia mpira, yule anaongea na mchumba kwa video, na kasi inashuka kwa kila mtu. Hilo halina ugomvi, hatulipi tukitegemea miujiza. Lakini kumbana mtu mmoja saa nne asubuhi, mnara ukiwa hauna msongamano, kwa sababu tu kaunta yake imefika namba fulani, hakumpunguzii jirani foleni yoyote. MB ninayotumia wakati mtandao umelala haimzidishii mwenye kampuni gharama ya kuonekana. Wao wenyewe wanaliamini hilo, ndiyo maana wanatuuzia bando la usiku wa manane kwa bei ya kutupa. Kama tatizo ni saa za msongamano, wabane saa za msongamano na waseme hivyo waziwazi. Kinachofanyika sasa ni kikomo ambacho kimefichwa ili tangazo lipendeze.

Wala si jambo la kwetu peke yetu. Marekani kampuni ya AT&T iliacha kuuza data isiyo na kikomo kwa wateja wapya wa simu janja mwaka 2010, ikawaacha wale wa zamani waendelee na vifurushi vyao. Mwaka 2011 ikaanza kuwapunguzia kasi haohao wa zamani wakivuka kiwango fulani kwa mwezi. Mwaka 2014 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya huko ikaipeleka mahakamani, ikisema wateja zaidi ya milioni 3.5 waliahidiwa kitu wasichopewa. Kesi ilivutana miaka, hadi mwaka 2019 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 60 zirudi kwa wateja. Kwangu fedha si sehemu tamu ya habari hiyo. Sehemu tamu ni sharti lililoambatana nayo: kampuni ikitangaza kuwa data haina kikomo, basi kizuizi chochote cha kasi au kiasi kionekane pale pale kwenye tangazo, kisifichwe kwenye maandishi madogo wala nyuma ya kiungo cha kubonyeza. Sharti kama hilo kuandikwa hapa kwetu ni kazi ya ukurasa mmoja na saini ya mtu mwenye mamlaka.

Tena ninyi si wageni wa jambo hili. Mwaka 2021 Mamlaka ilitoa kanuni ndogo za vifurushi zilizoanza tarehe 2 Aprili. Wengi wanazikumbuka kwa ubaya, kwa sababu siku ileile tuliamka tukakuta bando zimepanda bei, nchi nzima ikapiga kelele, na Serikali ikasitisha vifurushi vipya kabla jua halijazama. Kelele zile za bei zilifunika mambo mazuri yaliyokuwa ndani yake. Mteja apewe taarifa matumizi yakifika asilimia 75, na tena yakifika asilimia 100. Aweze kumhamishia mwingine MB zake ndani ya mtandao mmoja. Asipunguziwe kasi mpaka kifurushi kiishe. Rudieni kusoma hilo la mwisho, waheshimiwa. Ujumbe wa asilimia 75 nauona unaingia, na MB zinahamishika, nawashukuru. Hilo la kasi, mimi na wenye maduka wenzangu tunalisubiri.

Nakuja kwenye MB zinazokufa.

Mnaujua ule ujumbe: “Ndugu mteja, kifurushi chako kimeisha muda wake.” Ukiusoma harakaharaka unadhani umemaliza data. Hujamaliza. Zilikuwepo GB, ulizilipia, na saa sita usiku zimefutwa. Mimi natumia umeme wa LUKU dukani. Nikinunua yuniti Januari na mashine ya kopi ikaharibika, yuniti zangu nazikuta Machi, TANESCO haijawahi kuniandikia kwamba nimechelewa kuwasha taa. Na umeme nao unazalishwa na kutumika saa hiyohiyo, haukai ghalani, kwa hiyo hoja kwamba data ni kitu kisichohifadhika haitoshi kunifunga mdomo. GB ambayo sikuitumia wiki hii niliupunguzia mtandao mzigo wiki hii. Nikiitumia wiki ijayo, mzigo ni uleule niliolipia.

Hapa nitakuwa mkweli, maana barua ya upande mmoja hairudishiwi majibu. Ninaelewa kwamba bando la siku au la wiki ni rahisi kwa sababu muuzaji anajua si wote watakaolimaliza. Bei ile imeshapigiwa hesabu ya watakaopoteza. Ukisema leo hakuna MB kufa, watapandisha bei, na mtaniambia haya mama, si ndiyo uliyoyataka. Sawa. Lakini tujiulize ni nani hao wanaopoteza ili wengine wauziwe rahisi. Si mwanafunzi wa hapa Ng'ong'ona, huyo anamaliza bando kabla ya jua kuzama na kuazima la mwenzake. Anayepoteza ni mtu wa kijijini.

Nina shemeji yangu dalali wa alizeti, anazunguka vijiji vya Chemba na Bahi wakati wa mavuno. Anajiunga bando la wiki akiwa mjini, Jumatatu, kwa sababu anahitaji kutumiana picha za mzigo na bei na wenye mashine za kukamua. Akishaingia ndani huko, mtandao unakuja na kuondoka. Kuna kijiji mnara ukikosa umeme unazima na hakuna wa kumuuliza, watu wanapanda kichuguu au wanasogea barabara kuu kutafuta vijiti viwili vya mtandao. Siku zake za bando zinahesabika muda wote huo. Anarudi mjini Jumapili na sehemu kubwa ya GB zake hazijaguswa, na usiku huohuo zinafutwa. Hakuna aliyemrudishia hata siku moja kwa muda ambao mnara haukuwa hewani. Muuzaji ameshindwa kumfikishia bidhaa, halafu mnunuzi ndiye anayeadhibiwa kwa kutoitumia.

Nalisema hili nikijua fedha ya umma inavyoingia kwenye minara ya vijijini. Mei 2023, hapahapa Dodoma, mbele ya Rais, ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 kwa ruzuku kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Ni kazi kubwa na nawapongeza. Basi kampuni inayopokea ruzuku ya kusimamisha mnara kijijini isishindwe kusimamisha pia saa ya bando mnara huo unapozima. Mifumo yao inajua mnara upi umezima na saa ngapi, kwa sababu mafundi wanatumwa kwa taarifa hizohizo.

Mtaniambia vipo vifurushi visivyoisha muda. Vipo, ninavijua, nimewahi kuvinunua. Gawa bei yake kwa MB, kisha linganisha na bando la mwezi, utaona kwa nini hakuna foleni ya kuvinunua. Vimewekwa pembezoni mwa menyu kama nguo ya mitumba iliyokosa mnunuzi, ili siku mkiuliza wajibu kwamba mteja ana hiari.

Majirani wametangulia kidogo. Afrika Kusini msimamizi wao, ICASA, alitoa kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2019: mteja apewe njia ya kuhamishia data iliyobaki kwenye kipindi kinachofuata, aweze kumpa mtu mwingine, na asikatwe salio nje ya kifurushi bila kukubali mwenyewe. Kenya, mwaka huohuo wa 2019, Safaricom ilianza kuuza data isiyo na tarehe ya kufa. Hakuna kampuni iliyofunga milango kwa sababu hiyo. Kanuni zetu za 2021 nazo ziligusa jambo hili, kwamba ukijiunga tena kifurushi kilekile kabla hakijaisha, muda wa kilichobaki uendelee. Ni hatua, ila inamfaa mwenye pesa mkononi siku hiyohiyo. Dalali wa alizeti hana uhakika wa pesa ya siku fulani saa fulani. Mkulima wa zabibu wa Hombolo ndiyo kabisa, pesa yake ina msimu. Kumwambia MB zake zitaishi iwapo atanunua nyingine kwanza ni kumshika mateka kwa mali yake.

Ninapendekeza kilicho rahisi zaidi: kilichobaki kihamie kipindi kinachofuata chenyewe, angalau mara moja, bila sharti la kununua tena kifurushi kilekile. Kama kampuni itasema hilo litapandisha bei, iseme kwa hesabu, mbele yenu, si kwa tangazo la saa sita usiku kama la Aprili ile.

Bei sasa. Mwaka 2022, mjadala ulipopamba moto, tulielezwa kwamba bei elekezi ya MB moja ni kati ya shilingi 2.03 na 9.35. Nilichukua kikokotoo. Kwa kiwango cha chini GB moja ni kama shilingi 2,080. Kwa kiwango cha juu inakaribia 9,575. Pengo hilo ni zaidi ya mara nne na nusu, na wote tunajua nani anakaa upande upi. Mwenye kununua bando la mwezi kwa makumi ya maelfu anakaribia chini. Mwendesha bajaji anayejiunga la mia tano asubuhi na la mia tano jioni anasogea juu. Sidai wauziwe sawa, mnunuzi wa jumla ana bei yake popote pale. Nadai kionekane. Ukipiga menyu, mbele ya kila kifurushi iandikwe bei ya MB moja, kama sheli inavyoandika bei ya lita. Yule wa bajaji ataamua mwenyewe kama mia tano mbili za leo ni bora kuliko elfu tatu ya wiki.

Na kwa kuwa nawaandikia pia wabunge, sehemu ya bei hiyo iko kwenu, siyo kwa kampuni. Ushuru wa bidhaa kwenye huduma za mawasiliano kwa miaka mingi umekuwa asilimia 17 hivi, juu yake inakaa VAT ya asilimia 18, na inakaa juu ya bei yenye ushuru tayari. Ukichambua elfu moja ya bando, zaidi ya shilingi 270 ni kodi. Sipingi kodi, barabara ya kuja dukani kwangu nataka iwekwe lami kama kila mtu. Ila MB ikifutwa saa sita usiku, kodi yake ilishakatwa. Nimelipia kodi kitu ambacho sikupewa. Kama kuna mbunge anaweza kunieleza hiyo ni kodi ya nini, nitamchapia kadi za kampeni bure.

Kuna ushauri mwingine tunaopewa kila siku, nao ni hamieni mtandao mwingine. Tangu Machi 2017 mtu anaweza kuhama na namba yake, ni kweli. Lakini kuhama kuna maana kama unakohamia kuna tofauti, na mimi nimeshasema, wenye maduka wa hapa tuna laini za kila aina na mwisho wa mwezi tunakutana kwenye baraza moja. Tena namba ndiyo inayohama, wakala hahami. Laini yangu ya uwakala wa miamala imefungwa na kampuni ileile, na wateja wangu wengi ni wa kampuni hiyo. Ndiyo maana Watanzania tunatembea na laini mbili tatu kwenye simu moja, wengine na simu mbili, kuwinda bando la nafuu la wiki hii kabla halijabadilishwa jina. Mnaposoma takwimu kwamba laini zimeongezeka, kumbukeni na hilo.

Nimalizie na ombi ambalo halimgharimu mtu yeyote. Mamlaka hutoa takwimu za mawasiliano kila robo mwaka, na mimi huzisoma: idadi ya laini, watumiaji wa intaneti, miamala, bei. Ongezeni safu mbili. Ya kwanza ionyeshe, kwa kila kampuni, GB ngapi ziliuzwa na GB ngapi zilifutwa kwa kuisha muda zikiwa hazijatumika. Ya pili ionyeshe wateja wangapi wa vifurushi vinavyotangazwa kuwa havina kikomo walipunguziwa kasi, na walifikia kiwango gani walipobanwa. Kampuni zinazo namba hizo, kwa sababu ndizo zinazofuta na ndizo zinazobana. Mkishaziweka hadharani, mjadala wa kama mimi ni mlalamishi tu au kuna mali ya watu inayopotea kila mwezi utaamuliwa kwa tarakimu, na hata kampuni zitakuwa na nafasi ya kujitetea kwa ushahidi.

Kikao cha bajeti kinafanyika hapahapa Dodoma, na hotuba ya wizara husika itasomwa humo. Naomba safu hizo mbili zitajwe ndani ya hotuba hiyo. Nami nimehifadhi ujumbe zote za kujiunga, za kuisha muda, na picha za vipimo vya kasi vya ruta yangu asubuhi na usiku, zimechapwa na kupangwa kwenye faili kwa tarehe. Ofisa yeyote wa Mamlaka kutoka ofisi ya Kanda ya Kati akizihitaji, aje dukani siku yoyote isipokuwa Jumapili. Nitamtolea kopi bila malipo. Asitegemee tu nimtumie kwa barua pepe baada ya katikati ya mwezi.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwenye steshenari,
Ng'ong'ona, Dodoma.